Ndege Isiyotaka Kwenda Sawasawa

Msomaji, ukipata nafasi ya kusimama karibu na uwanja wa ndege wa Wilson mjini Nairobi, zitazame zile ndege ndogo zenye injini moja zinapojiandaa kuruka. Rubani huiweka ndege katikati ya njia, huongeza nguvu ya injini, nayo ndege huanza kukimbia. Machoni pako inakwenda sawasawa kama kamba iliyovutwa. Lakini lau ungeweza kuiona miguu ya rubani, ungejua ya kuwa mguu wake wa kulia unakaza kanyagio la usukani, na kwamba akiuondoa, ndege itapinda kushoto hata itoke njiani. Usidhani ni upepo au gurudumu bovu. Rafadha ile ile inayoivuta ndege mbele ndiyo inayoivuta upande.

Jambo hili laonekana dogo, lakini katika historia ya urukaji limevunja ndege nyingi na kuua vijana wengi. Nitakueleza kwanza sababu zake, kisha nikupeleke Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambako marubani walilazimika kujifunza upya jambo ambalo miguu yao ilikwisha kulijua.

Chukua rafadha izungukayo kulia, kama mishale ya saa, kwa macho ya rubani aliyeketi nyuma yake. Newton alitufundisha ya kuwa kila nguvu hujibiwa na nguvu nyingine iliyo sawa nayo, inayoelekea upande wa pili. Basi injini ikizungusha rafadha kulia, mwili wa ndege nao hutaka kuzunguka kushoto. Ndege ingali chini haiwezi kupinduka, ila gurudumu la kushoto hukandamizwa zaidi ardhini, likakokota. Tena upepo unaosukumwa nyuma na rafadha hauendi moja kwa moja. Huuzunguka mwili wa ndege kama mmea utambaao uuzungukavyo mti, hata ukafika mkiani na kulipiga pezi la mkia kwa upande wa kushoto. Mkia ukisukumwa kulia, pua huelekea kushoto.

Ndege za zamani, zilizokuwa na magurudumu mawili mbele na kigurudumu kimoja mkiani, zilikuwa na matata zaidi. Ndege hiyo ikisimama, pua yake hutazama juu, na rafadha hulala nyuma kidogo. Kwa hiyo panga linaloshuka upande wa kulia hukata hewa kwa pembe kubwa kuliko lile linalopanda upande wa kushoto, na upande wa kulia huvuta kwa nguvu zaidi. Kisha huja wakati wa mkia kuinuka. Hapana shaka umepata kucheza pia. Pia inayozunguka kwa kasi, ukiisukuma kwa kidole, haiendi pale ulipoielekeza. Huenda upande mwingine, kana kwamba umeisukuma robo ya duara mbele zaidi. Rafadha nzito ni pia kubwa. Kuinua mkia ni sawa na kuisukuma mbele sehemu yake ya juu, lakini nguvu hiyo hutokea upande wa kulia, na pua hugeuka kushoto kwa ghafula. Hivyo sababu zote nne huvuta upande mmoja, wala hapana hata moja inayomsaidia rubani.

Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliokuwa mafundi wa baiskeli mjini Dayton, waliukwepa msiba huu tangu siku ya kwanza. Ndege yao iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 ilikuwa na injini moja na rafadha mbili zilizoendeshwa kwa minyororo kama ya baiskeli. Mnyororo mmoja waliupishanisha kama tarakimu 8, ili rafadha moja izunguke kulia na ya pili kushoto, na matata ya moja yakafutwa na mwenzake. Nionavyo mimi, mnyororo ule wastahili sifa kuliko hata zile sekunde 12 za kwanza zilizowapa umaarufu.

Wengi waliowafuata walichagua rafadha moja, kwa kuwa ni nyepesi na rahisi kutengeneza, wakamwachia rubani kazi ya kushindana nayo. Mwaka 1917 Waingereza walitoa ndege ya vita iitwayo Sopwith Camel, ambayo injini yake yenyewe ilizunguka pamoja na rafadha. Rubani hodari aliitumia pia hiyo ya kutisha kumgeukia adui upesi mno kwa upande wa kulia. Mwanafunzi asiyeizoea alianguka nayo, na vijana wengi walikufa katika mafunzo kabla ya kumwona adui.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Spitfire. Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, ikiwa na injini ya Merlin ya lita 27, yenye nguvu za farasi 1,000 hivi. Rafadha yake ilizunguka kulia. Marubani walijifunza kurekebisha usukani mpaka mwisho kulia kabla ya kuruka, kisha kukaza mguu wa kulia ndege inapokimbia. Walifanya hivyo mara nyingi hata mguu ukawa hauhitaji kuambiwa.

Vita vilipoendelea, adui naye alileta ndege zenye kasi zaidi, ikabidi Spitfire ipewe injini kubwa iitwayo Griffon, ya lita karibu 37. Spitfire za kwanza za namna hiyo ziliingia vikosini mwaka 1943. Ile iliyoitwa Mark XIV ilikuwa na rafadha ya mapanga matano na nguvu za farasi zaidi ya 2,000, mara mbili ya zile za kwanza, katika mwili usiozidi sana ule wa zamani. Na Griffon ilizungusha rafadha kushoto.

Fikiri maana yake. Kila nililokueleza hapo juu ligeuze. Rubani aliyekaza mguu wa kulia kwa mazoea ya miaka mitatu sasa aliisaidia ndege kupotea njia, akaisukuma upande ule ule inaokotaka kwenda, kwa nguvu maradufu. Marubani waliagizwa kurekebisha usukani mpaka mwisho kushoto, na wasitumie nguvu yote ya injini, kwa sababu ndege iliteleza kando kama kaa na kula mipira ya magurudumu.

Wafikirie hasa marubani wa Air Transport Auxiliary, wanaume kwa wanawake, waliozichukua ndege viwandani na kuzipeleka vikosini. Walifikisha ndege zaidi ya 300,000 katika vita vile. Mmoja wao aliweza kupewa Spitfire ya Merlin asubuhi na ya Griffon alasiri, na pengine baada yake ndege ambayo hajapata kuigusa maishani. Msaada wao mkubwa ulikuwa kijitabu cha kadi ndogo, kila aina ya ndege na kadi yake. Rubani alisoma, akapanda, akaruka peke yake. Mtu wa namna hiyo hakuwa na haki ya kuuamini mguu wake kabla ya kuuliza: injini hii ni ipi?

Baharini hatari ilizidi. Juu ya sitaha ya manowari za kubeba ndege, mnara wa uongozi husimama upande wa kulia. Ndege ya rafadha ya zamani ikipotea, ilielekea kushoto, baharini. Lakini Seafire, yaani Spitfire ya wanamaji, ilipopewa Griffon, ilivutwa kulia, kwenye ule mnara wa chuma wenye watu. Mafundi wakarudi, bila shaka kwa gharama kubwa zaidi, kwenye hekima ya ule mnyororo wa Dayton. Seafire ya mwisho, Mark 47, ilifungwa rafadha mbili katika mhimili mmoja, moja mbele ya nyingine, kila moja yenye mapanga matatu, zikizunguka kinyume. Mwaka 1950 ndege hizo ziliruka kutoka manowari Triumph kwenda vitani Korea, na rubani alipoongeza nguvu ya injini, miguu yake iliweza kutulia.