Chikungunya: utafiti uliotuhusu, na tusiousoma

Leo historia kidogo, tena ya nyumbani kabisa.

Neno chikungunya leo linatajwa mpaka India na Brazil, lakini lilitoka huku kwetu, Uwanda wa Makonde. Mwaka 1952 hadi 1953 homa ya ajabu ilizuka Newala na maeneo jirani (enzi hizo Tandahimba ilikuwa ndani ya Newala). Marion Robinson na W. H. R. Lumsden wakaandika makala zao mwaka 1955, na R. W. Ross akafuata mwaka 1956.

Wengi tukiona makala ya kisayansi tunakimbia. Jamani, mimi nasoma ualimu, Historia na Kiswahili, baiolojia niliiacha sekondari, lakini zinasomeka! Usizisome kama riwaya. Anza na muhtasari, ruka kwenye hitimisho, kisha rudi katikati na swali moja tu: wamejuaje?

Robinson alijuaje? Aliwaangalia wagonjwa: homa ya ghafla, upele, viungo kuuma mno. Hapo usimdai zaidi, maana kwa dalili peke yake ugonjwa ulifanana sana na dengi. Lumsden yeye alifuatilia ulivyosambaa. Uwandani maji yalikuwa shida, watu waliyafuata mbali na kuyatunza ndani, na humo mbu aina ya Aedes alizaliana. Ross akaingia maabara, akakipata kirusi chenyewe kwenye damu ya wagonjwa. Unaona? Kila mmoja kajibu swali lake, na picha inakamilika ukizisoma zote tatu.

Sasa utamu uko hapa. Makala nyingi za baadaye zinasema chikungunya ni neno la Kiswahili. Wapi! Lumsden alishaandika kwamba ni la Kimakonde, likimaanisha kujikunja, jinsi maumivu yanavyompinda mgonjwa. Waliofuata walinakiliana tu bila kurudi kwenye chanzo. Kosa hilo halihitaji daktari kuligundua. Bibi yeyote wa Tandahimba angelisahihisha, kama angesomewa.

Ndiyo maana nasema tusiwaachie wataalamu peke yao. Wazee wetu waliugua, wakatoa damu, wakatoa na jina. Tusiposoma sisi, hata hilo jina watapewa wengine.