Hifadhi ya Taifa ya Tarangire

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire iko mkoani Manyara, kaskazini mwa Tanzania, takriban kilomita 118 kutoka Arusha kwa barabara iendayo Dodoma. Ilianzishwa mwaka 1970, ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,850 hivi, na husimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA).

Uhai wake ni Mto Tarangire. Kati ya Juni na Oktoba, malambo ya nyika za jirani yakikauka, tembo, nyumbu na pundamilia humiminika mtoni. Huo ndio wakati wa kwenda. Hata maji yanapopotea juu, tembo huchimba mchanga kwa miguu na mkonga, wakangoja shimo lijae. Wakiondoka, ngiri na nyani hunywa humo humo. Mibuyu nayo imejaa makovu, kwani tembo huibandua magome na kutafuna nyama yake yenye majimaji. Masika makundi hutawanyika hadi nje ya mipaka, na baadhi ya njia hazipitiki.

Kero kubwa ni mbung'o, hasa vichakani. Huvutwa na nguo za buluu na nyeusi, hivyo afadhali kaki. Matembezi ya miguu hufanyika kwa kuongozana na askari mwenye silaha.