Kabla Uweke Injini ya Subaru kwa Beetle, Cheki Usukani

Beetle ya babu imekaa chini ya turubai huku Kapsoya tangu niwe class 5. Ni ya 1964, rangi ilikuwa bluu, sasa ni bluu na kutu. Babu alikuwa mwalimu, aliinunua ikiwa imeshatumika, akaiendesha mpaka macho yakakataa. Alipofariki, gari ikabaki kwa mjomba, na mjomba ana sheria moja tu kuihusu: usiguse kitu.

Mimi nilitaka kugusa kila kitu. Wasee wangu wa gereji mnawajua, wale wa kuamini kwamba shida yoyote duniani inatibiwa na injini ya Subaru. Toa hiyo 1200 ya nguvu za farasi 34, weka boxer ya Subaru nyuma, shusha chini, weka usukani mdogo wa sports. Nilikuwa nishaanza kuweka doh kando. Halafu mathe akanisimulia kitu ambacho sikuwahi kujua.

Miaka ya themanini mwanzoni, babu akitoka Nakuru alfajiri, aligonga ng'ombe karibu na Burnt Forest. Kama umewahi kupita hiyo njia saa kumi na moja asubuhi unajua ule ukungu, huoni hata pua ya gari lako. Hakuwa mbio. Ng'ombe akafa, taa na bonneti zikapinda, na usukani ukampiga babu kifuani. Alivunjika mbavu 2. Mathe anasema hata miaka 20 baadaye, baridi ikiingia Eldoret mwezi wa saba, babu alikuwa analala akiwa ameketi kwa sababu kifua kilimuuma. Mimi nilikuwa nadhani ni uzee tu.

Nikaenda kufunua turubai, nikaingia chini ya dashibodi na tochi ya simu. Hapo ndipo hii story inaanza.

Kwa Beetle ya umri huo, kutoka usukani ulioshika mpaka boksi la usukani kule mbele karibu na ekseli, kuna chuma kimoja kirefu kilichonyooka. Kuna diski ya mpira pale chini kabla ya boksi, basi. Na mbele ya gari hakuna injini, kuna tangi la petroli na spea taya. Ukigonga kitu kwa pua, boksi linasukumwa nyuma, chuma kinasukumwa nyuma, na mwisho wa hicho chuma ni kifua chako. Ni mkuki, na ncha yake imekuelekea wewe.

Na Beetle haikuwa gari mbaya kuliko zingine. Karibu gari zote za wakati ule zilikuwa hivyo. Ukitaka kujua kwa nini, lazima urudi kwa mikokoteni, na hapo Eldoret yetu inaingia.

Mnajua kwa nini wazee huita mji huu Sisibo. Ni kwa sababu ulianza kwenye shamba nambari 64. Makaburu waliopanda huku mwaka wa 1908 na Jansen van Rensburg walitoka Nakuru na mikokoteni ya kukokotwa na ng'ombe, wakaingia kwenye ardhi ambayo ilikuwa imepatikana kwa damu. Koitalel Samoei aliuawa Oktoba 1905, miaka 3 tu kabla. Hiyo ni post yake peke yake na nitaiandika, sitaipitisha hapa kama utangulizi wa magari.

Lakini angalia mkokoteni wenyewe. Ekseli yake ya mbele inazunguka yote kwa pamoja juu ya pini moja katikati, kwa hivyo ukitaka kugeuka unahitaji nafasi kubwa sana. Ndiyo maana miji mingi ya aina hii ina hadithi kwamba barabara kuu ilipimwa kwa upana wa kugeuza ng'ombe, na sisi pia tunayo ya kwetu. Jamaa wa Munich anayeitwa Georg Lankensperger alikuwa ametatua hiyo shida karibu miaka 90 kabla. Alifanya kila gurudumu la mbele ligeuke kwenye pini yake, la ndani likikata kona kali kuliko la nje. Wakala wake kule London, Rudolph Ackermann, akaisajili mwaka wa 1818, na mpaka leo mpango huo unaitwa Ackermann. Muundaji akasahaulika, ajenti akabaki na jina. Kama kawa.

Magari ya kwanza hata hayakuwa na usukani wa mviringo. Yalikuwa na fimbo, kama ya mashua. Mfaransa Alfred Vacheron aliingia kwenye mashindano ya Paris hadi Rouen mwaka wa 1894 na Panhard yenye gurudumu la kushika, na huyo ndiye huhesabiwa kuwa wa mwanzo. Baada ya hapo kila mtu akafuata. Na njia rahisi zaidi ya kuunganisha gurudumu la mkononi na magurudumu ya barabarani ni chuma kimoja kilichonyooka. Wakaweka, ikafanya kazi, wakaacha hivyo kwa zaidi ya miaka 60.

Watu walikuwa wanakufa, si eti hakuna aliyejua. Mwaka wa 1965 wakili Mmarekani, Ralph Nader, akatoa kitabu kinaitwa Unsafe at Any Speed, na hii habari ya usukani kumtoboa dereva imo ndani. Kampuni zilikuwa zinasema shida ni dereva mbaya. Yeye akauliza swali tofauti: sawa, dereva amekosea, sasa kwa nini gari lenyewe limmalize? Septemba 1966 Rais Johnson akatia sahihi sheria ya usalama wa magari, na kuanzia Januari 1, 1968, gari jipya la Marekani likigongeshwa ukutani kwa kilomita 48 kwa saa, kolamu ya usukani haikuruhusiwa kurudi nyuma kumfuata dereva zaidi ya milimita 127.

General Motors walikuwa tayari wameanza na modeli za 1967. Walitengeneza bomba la kolamu likiwa na sehemu ya wavu wa chuma, ile ya kujikunja kama taa ya karatasi ya Kijapani ukiibonyeza. Wengine wakafanya bomba 2 zinazoingiliana kama antena ya redio, zimeshikwa na pini za plastiki. Ukigonga, pini zinakatika, bomba moja linaingia ndani ya lingine, na wewe unabaki na kifua chako. Volkswagen nao wakaweka kolamu ya usalama kwenye Beetle zilizoanza kutoka kiwandani Agosti 1967.

Ya babu ni ya 1964. Alikosa kwa miaka 3.

Sasa, niongee na mjomba na wote wa timu original. Nawaelewa. Beetle kwa Kenya si gari tu. Vic Preston na D.P. Marwaha walishinda Safari na Volkswagen mwaka wa 1954, mara ya pili tu mashindano yakifanyika. Ikashinda tena 1957, na 1962 Tommy Fjastad akashinda na 1200, kamnyama kadogo ka injini ya nyuma kakiacha magari makubwa kwa matope. Mwalimu akinunua Beetle Eldoret alikuwa ananunua kipande cha hiyo sifa. Kwa hivyo mjomba akisema usiguse, anaongea kuhusu babu, haongei kuhusu chuma.

Lakini Safari yenyewe haikuwa ya watu wa original. Joginder Singh, mtoto wa Kericho, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Mwaka wa 1965 alishinda na kaka yake Jaswant kwa Volvo PV544, na Volvo ndio kampuni iliyoleta mkanda wa kupita begani na kiunoni mwaka wa 1959. Magari ya Safari yalifunguliwa, yakaimarishwa chini, yakawekewa ngao na taa za ziada. Ukiambiwa kubadilisha gari la zamani ni mambo ya vijana wa TikTok, kumbuka hao wazee. Beetle ya babu yenyewe nimeikuta na swichi ya taa ya trekta na kitasa cha mlango cha kabati. Original gani hiyo?

Na timu ya mlio, tulieni, zamu yenu imefika. Hawa Wamarekani wa hot rod mnaowaiga walianza California kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, wakichukua Ford kuukuu, hasa ile ya V8 ya 1932, wakitoa mabati na kukimbiza kwenye maziwa yaliyokauka. Mwaka wa 1948 wakapata gazeti lao, Hot Rod. Na mojawapo ya vitu vilivyowasumbua sana ni usukani. Ukiweka injini pana, bomba za moshi zinakaa pale chuma cha usukani kinapita. Ukishusha bodi, pembe ya kolamu inabadilika na usukani unakaa juu ya mapaja. Wakajifunza kukata ule mkuki na kuweka viungo vya krosi, ili chuma kipinde kizunguke injini. Wakajifunza pia, wengine kwa njia mbaya, kwamba krosi moja usiipinde kupita kama digrii 35, na ukiweka krosi zaidi ya 2 lazima kuwe na bearing ya kushikilia katikati, la sivyo shafti inarukaruka kama kamba. Hakuna siri hapo. Kila mtu anayeifanya kwa umakini anajua. Lakini kwa video huonyeshwa exhaust, kwa sababu krosi haina mlio.

Nilienda gereji mbili. Ya kwanza, kijana wa rika langu aliangalia, akasema, "Buda, tunakata hapa, tunaweka kolamu ya Vitz yenye power ya umeme, tunachomelea, one hour." Nikamuuliza tunachomelea nini na nini. Akasema ncha kwa ncha, chuma ni chuma. Sitataja ni gereji gani na msiniulize, kwa sababu karibu ningekubali. Bei ilikuwa poa.

Gereji ya pili ni ya mzee mmoja ambaye hajawahi kunipa jibu kabla ya kumaliza chai yake. Nilipomweleza plan ya Vitz, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kijana, Beetle haina injini mbele. Power ya nini? Unataka kusaidiwa kugeuza spea taya?" Halafu akanyamaza, akasema kitu kingine: mguu wa kitanda ukichomelewa vibaya unaanguka na godoro, usukani ukichomelewa vibaya unaanguka na familia.

Alinituma nitafute kolamu ya Toyota DX, ile Corolla ya zamani ya kina baba, bila power. Ina bomba za kuingiliana ndani. Niliipata kwa muuza chuma chakavu kwa bei ya viatu. Kazi ilichukua wiki 2, si saa moja. Tulipima pembe mara nyingi mpaka nikachoka. Mzee alichongesha kwa leti mshipi wa chuma ambao shafti mbili zinaingia ndani yake kwa urefu wa kidole, zikafungwa na bolti zinazopita katikati, zenye nati za kufunga zisizolegea. Chini tukabakisha diski ya mpira ya Beetle, mpya. Krosi ni 2 tu. Pale juu akatengeneza brackets mpya, kwa sababu alisema kolamu ya kujikunja iliyofungwa kwa bati laini ni kazi bure, bati litang'oka kabla pini zikatike. Mikanda ya kupita begani ilikuja na hiyo hiyo bill.

Injini bado ni 1200 ya babu. Doh ya Subaru iliisha hapo, na ikirudi bado kuna breki za drum mbele na mambo ya logbook, kwa sababu injini ikibadilika lazima karatasi zibadilike. Mnaweza kunicheka. Niko na Beetle ya farasi 34 yenye usukani wa DX.

Mjomba hakujua mpaka Jumapili. Nilimwambia nimegusa. Hakusema kitu, akafungua mlango, akakaa. Nilimweleza habari ya Burnt Forest, akasema yeye ndiye alienda kumchukua babu hospitali, na kwamba njia nzima mzee alikuwa analalamika juu ya ng'ombe, si kifua. Aliuliza ile kolamu ya zamani iko wapi. Iko store, nimeifunga na gunia, nikamwonyesha. Aliishika kwa muda, akaangalia kile kitufe cha honi katikati ya usukani wa zamani.

"Na hii mpya honi yake iko wapi?"

Bado hatujaunganisha. Fundi anasema Alhamisi.