Bunia: Uchovu wa wauguzi wa Ituri una historia ndefu

Wauguzi wa Ituri hawakuanza kuchoka jana. Tarehe 5 Septemba 2002, hospitali ya Nyankunde, kusini-magharibi mwa Bunia, ilishambuliwa. Wagonjwa na wafanyakazi waliuawa. Walionusurika walikimbia kwa miguu hadi Oicha. Mei 2003 mapigano makali yakatokea katika mji wa Bunia wenyewe. Kisha ikaja Ebola: toka Agosti 2018 hadi Juni 2020 iliua watu zaidi ya 2,200 mashariki mwa Kongo, wakiwemo wahudumu wa afya.

Baadhi ya wauguzi ni wahami pia: wanatibu majeraha ya jirani zao, halafu usiku wanalala mbali na makwao.

Mwaka 2019, OMS ilieleza kwamba kuchakaa kwa namna hii si ugonjwa, bali ni tokeo la mkazo wa kazi uliodumu bila kushughulikiwa. Mwili unachoka, moyo unaanza kumkimbia mgonjwa.

Kwaya, mpira wa jioni au kulima bustani humpa muuguzi saa moja ya kusahau vilio. Lakini kwaya hailipi prime, wala haiongezi mtu kwenye zamu ya usiku. Hilo ni deni la serikali.