Nguruwe na Kikaango katika Usukuma

Neno nguruwe ni la kale kuliko mfugo wenyewe. Wasukuma husema ngulube, na lugha nyingi za Kibantu zina neno la asili hiyo hiyo. Lakini hapo kwanza lilikuwa jina la mnyama wa mwitu, mharibifu wa mashamba. Nguruwe wa bandani alikuja nyuma, pamoja na wamisionari na walowezi wa Ulaya. Mapadri Weupe walipita Kageye, pwani ya Usukuma, mwaka 1879, wakienda Buganda. Na mwaka 1883 walianzisha misheni ya Bukumbi, kusini ya Mwanza. Hivyo Magu, nchi ya ng'ombe na pamba, ilipata kitoweo ambacho jina lake lilikuwa limetangulia.

Mfugo huu una adui wa siri, naye ni tegu. Mwaka 1855 daktari Mjerumani, Friedrich Küchenmeister, alithibitisha kwamba vijifuko vyeupe, mfano wa punje za mchele, vionekanavyo katika nyama ya nguruwe, hugeuka tegu tumboni mwa mtu. Nguruwe aachwaye kuzurura mahali pasipo vyoo huokota mayai ya tegu katika kinyesi cha watu. Mtu naye akiyameza mayai hayo kwa mikono au maji machafu, vijifuko vyaweza kukaa katika ubongo wake na kumletea kifafa. Kwa hiyo moto wa jiko si wa ladha tu. Ni mlinzi wa nyumba.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi wa kale wa mpishi. Moto mwingi huua tegu, lakini hukausha nyama. Moto mchache huhifadhi maji yake, lakini huacha shaka. Mwaka 2011 serikali ya Marekani ilipunguza kipimo cha joto la steki ya nguruwe kutoka nyuzi 71 za Selsiasi hadi 63, na dakika 3 za kuipumzisha. Shauri hilo lilitolewa katika nchi ambayo nguruwe wengi hufungiwa na nyama hukaguliwa. Halifai kuigwa bila kufikiri mahali ambapo nguruwe hutembea apendapo.

Suluhu ya ugomvi huo ni mchuzi. Steki nene kama kidole hufutwa maji, hutiwa chumvi, na mafuta ya ukingoni huchanjwa ili isijikunje. Hukaangwa katika kikaango kizito mpaka pande zote mbili ziwe za kahawia, kisha huwekwa kando. Katika mafuta yaliyosalia hutiwa kitunguu na kijiko cha unga wa ngano, halafu maji kidogo kidogo, huku masalio ya chini yakikwanguliwa, kwa kuwa humo ndimo ilimo ladha. Nyama hurudishwa, hufunikwa, na huiva polepole mpaka ndani pasiwe na wekundu. Maji yaliyopotezwa na moto hulipwa na rojo, na ugali hupata cha kuchovya.

Limebaki jambo la jirani. Majina ya kitimoto na mbuzi katoliki ni ushahidi kwamba nyama hii huliwa kati ya watu wasioila. Mzaha wa majina hayo una adabu ndani yake: mlaji hutambua mwiko wa mwenziwe, hata asipoushika. Nyumba yenye wageni wa dini mbili hutenga kikaango chake cha nguruwe, wala haimpakulii mgeni kwa hila. Mpishi aliyemlinda mlaji na tegu ana wajibu wa pili, nao ni kumlinda jirani na udanganyifu.