Kubadili vipindi vya kazi katika Linux: Mwongozo kwa wanaoanza

WATUMIAJI wengi wanaohamia Linux kutoka Windows hukutana na jambo geni tangu ukurasa wa kuingilia: kabla ya kuandika nywila, mfumo unaweza kuwapa nafasi ya kuchagua sura ya kompyuta watakayoifanyia kazi. Asiyejua maana ya chaguo hilo huligusa kwa bahati mbaya, akajikuta mbele ya skrini asiyoitambua, na kudhani kwamba mafaili yake yamepotea.

Ukweli ni kwamba hakuna kilichopotea. Utatanishi huo hutokana na jinsi Linux ilivyojengwa.

Katika Windows, mfumo endeshi na sura yake huja pamoja kama kitu kimoja. Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, haiko hivyo. Madirisha, menyu na picha ya nyuma ya skrini ni kazi ya programu nyingine zinazowekwa juu ya mfumo. Mkusanyiko wa programu hizo huitwa eneo-kazi, na kompyuta moja inaweza kuwa na maeneo-kazi kadhaa.

Yanayojulikana zaidi ni KDE, iliyoanzishwa na Matthias Ettrich wa Ujerumani mwaka 1996, na GNOME, iliyoanzishwa na Miguel de Icaza na Federico Mena wa Mexico mwaka 1997. Lipo pia Xfce la Mfaransa Olivier Fourdan, lililoanza mwaka 1996, ambalo hupendwa kwa kompyuta za zamani kwa kuwa halihitaji kumbukumbu kubwa.

Kipindi ni nini?

Kipindi ni muda wote tangu mtumiaji anapoingia kwa nywila yake hadi anapotoka. Kubadili kipindi kuna maana mbili, na hapo ndipo wanaoanza hukwama.

Maana ya kwanza ni kubadili eneo-kazi. Kwanza mtumiaji huhifadhi kazi yake, kisha huchagua "Log Out" kwenye menyu. Hatua ya kuhifadhi si ya kupuuzwa, kwani kutoka hufunga programu zote zilizokuwa wazi, na barua ambayo haikuhifadhiwa huenda nazo.

Baada ya hapo ukurasa wa kuingilia hurejea. Katika Ubuntu, mtumiaji hubofya jina lake kwanza, ndipo alama ya gurudumu lenye meno hutokea pembeni chini, upande wa kulia. Alama hiyo hutokea tu iwapo kuna kipindi zaidi ya kimoja cha kuchagua. Katika kompyuta zinazotumia KDE, chaguo hilo aghalabu huwa chini kushoto. Mtumiaji huchagua jina la eneo-kazi analolitaka, huandika nywila na kuingia.

Mafaili yote hubaki katika folda yake ya nyumbani, na huonekana kutoka kila eneo-kazi. Kubadili kanzu hakumbadilishi aliyeivaa. Aidha, mfumo hukumbuka chaguo la mwisho, hivyo aliyepotea njia hurudi kwa kuchagua jina la awali. Hata eneo-kazi jipya likigoma kufunguka na kumrudisha kwenye ukurasa wa kuingilia, dawa ni hiyo hiyo.

Wakati mwingine jina moja huonekana mara mbili, moja likiambatana na neno X11 na jingine Wayland. Hizo ni njia mbili za kuchora madirisha kwenye skrini: X11 ni ya mwaka 1987, na Wayland ilianza mwaka 2008. Mifumo mingi inahamia Wayland, Ubuntu 25.10, iliyotolewa Oktoba 2025, iliondoa kipindi cha GNOME cha X11.

Kumpisha mwingine

Maana ya pili ni kubadili mtumiaji. Hili huwafaa wanaotumia kompyuta moja nyumbani au ofisini. Anayechagua "Switch User" humpisha mwenzake bila kufunga chochote. Akirejea na kuandika nywila yake, huikuta kazi pale pale alipoiacha. Katika GNOME chaguo hilo huonekana pale tu kompyuta inapokuwa na akaunti zaidi ya moja.

Hata hivyo, vipindi viwili vilivyo wazi hutumia kumbukumbu ya kompyuta kwa pamoja, na mashine yenye uwezo mdogo huweza kuzorota. Lililo zito zaidi ni kwamba anayezima kompyuta huzima pia kipindi cha mwenzake aliyekwenda chakula cha mchana. Mfumo ukionya kwamba kuna mtu mwingine aliyeingia, onyo hilo lisipuuzwe.

Kwa anayeondoka kwa dakika chache tu, "Lock" inatosha: skrini hufungwa na kazi huendelea kuwa hai nyuma yake.

Kwa muhtasari, anayetaka sura nyingine ya kompyuta atoke na kuingia upya; anayempisha mwingine abadili mtumiaji; anayeinuka kitini kwa muda mfupi afunge skrini. Katika hali zote tatu, kuhifadhi kazi kwanza ndiyo kinga ya uhakika.