Mkonge Ndani ya Saruji: Hoja ya Kutazama Kabla ya Kuezeka

Tangu Kaunti ya Nairobi ilipoutangaza mtaa wa mabanda wa Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji mwaka 2017, swali la kitakachorithi nafasi ya mabati katika sehemu yake ya Kwa Njenga limekuwa la kitaalamu kama lilivyo la kisiasa. Jibu moja lina historia yake papa hapa: kigae cha saruji iliyotiwa nyuzi za mkonge. Watafiti Swift na Smith waliandika kuhusu mchanganyiko huo mwaka 1979, na mwaka 1983 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa kongamano kuhusu vifaa vya nyumba za gharama nafuu barani Afrika.

Mwaka huohuo wa 1983, Hans-Erik Gram wa Sweden alieleza ugonjwa wa kigae hicho. Maji yaliyomo katika vitundu vya saruji yana alkali kali. Huyeyusha lignini na hemiselulosi zinazoshikamanisha seli za mkonge, na uzi uliokuwa ukinyumbuka huwa mkavu wa kukatika. Mvua ikifuatwa na jua, kisha mvua tena, uharibifu huharakishwa. Kigae chenyewe hakioneshi dalili yoyote.

Ndiyo maana siridhishwi na desturi ya kukivunja kigae cha siku 28 na kuandika nguvu yake. Katika umri huo nyuzi bado ni nzima. Kinachopimwa ni ujana wa saruji. Hadubini ya mwanga ndiyo inayofaa hapa, wala hatuhitaji ile ya elektroni. Seli ya mkonge ina upana wa takriban mikromita 20, ilhali mwanga hutenganisha vitu vilivyoachana kwa sehemu ndogo tu ya mikromita. Kipande kikisagwa hadi unene wa mikromita 30 na kutazamwa kati ya vichujio viwili vya poloraidi vilivyokingamana, selulosi hung'aa. Seli zilizoachana huonekana, na pia fuwele za chokaa zilizojipenyeza ndani ya uzi.

Uandaaji wa sampuli ndio mtego. Mkonge hunywa maji ukavimba, ukikauka husinyaa, na pengo linalobaki kuuzunguka hufanana kabisa na mshikamano uliokufa. Basi sampuli ijazwe resini ya epoksi yenye rangi kabla ya kukatwa, na isagwe kwa mafuta badala ya maji: pengo lililojaa rangi lilikuwapo kabla ya msumeno, lisilo na rangi limeletwa na fundi wa maabara.

Kigae kikatwe unene mzima, toka uso wa juu hadi wa chini. Kaboni dioksidi ya hewani inapoingia kigaeni hugeuza chokaa kuwa kalisaiti na kupunguza alkali. Wahandisi wa zege la nondo huiogopa hali hiyo kwa sababu ya kutu; kwa mkonge ni nafuu, na katika kigae chembamba inaweza kuzifikia nyuzi nyingi. Mpaka wake huonekana wazi chini ya poloraidi, na nyuzi za pande zake mbili zinaweza kulinganishwa katika kipande kimoja.